Likizo, Mchanga wa Tandahimba na Kisigino Kinachouma

Wakati wa likizo, wengi wetu tunaorudi Tandahimba hutembea kigango hadi kigango kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde. Baada ya siku chache mtu anaamka, anakanyaga chini, na kisigino kinachoma kama msumari. Akitembea kidogo maumivu hupungua, jioni yanarudi. Wengine hunyamaza wakidhani kulalamika ni ulegevu wa wito.

Chini ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni, unaoshikilia upinde wa mguu. Muhula mzima tumekaa darasani. Ghafla tunatembea kutwa. Mchangani kisigino huzama, kigimbi huvutika, na utando huumia, hasa tukivaa ndala.

Tufanyeje? Kabla ya kushuka kitandani, tupitishe kanga chini ya vidole na kuvivuta taratibu kuelekea kwetu kwa sekunde 30, mara 3. Mchana tusimame tukiegemea ukuta, mguu unaouma ukiwa nyuma, goti limenyooka na kisigino kikigusa chini. Jioni tuviringishe unyayo juu ya chupa ya maji baridi kwa dakika 10. Tuvae viatu vyenye soli nene, na safari ndefu tuigawe kwa siku mbili.

Wengi hupona bila upasuaji, ila huchukua miezi. Mguu ukivimba, ukifa ganzi, au kwa mwenye kisukari, twende zahanati mapema. Kumwomba paroko baiskeli si aibu: jumuiya zinatungoja mwakani pia.