Benki inapokuuliza pesa zimetoka wapi

KAMPALA. Kutoka Kansanga hadi Kabalagala ni dakika chache kwa bodaboda, kwenye Barabara ya Ggaba. Usiku wa Julai 11, 2010, watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, bomu lililipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala. Mengine yalilipuka katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Zaidi ya watu 70 waliuawa, na Al-Shabaab ya Somalia ikasema ndiyo iliyohusika.

Walioshtakiwa walikuwa Waganda, Wakenya na Mtanzania. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliwahukumu watano kifungo cha maisha. Mwanafunzi wa Kansanga anayesoma uhalifu wa kimataifa ana mfano mlangoni kwake: kundi la nchi moja, vifo katika nchi nyingine, washtakiwa kutoka nchi tatu.

Uhalifu wa namna hiyo huhitaji pesa, nazo hupita njia zile zile za mfanyabiashara: benki, simu, hata mfuko wa dereva wa lori. Ndiyo maana serikali huifuata pesa. Uganda ilitunga sheria dhidi ya utakatishaji fedha mwaka 2013, kisha ikaunda mamlaka maalumu ya kuchunguza miamala yenye shaka.

Juu ya serikali yupo mkaguzi. FATF, chombo cha kimataifa chenye makao Paris, huziweka nchi zenye udhibiti dhaifu katika "orodha ya kijivu". Uganda iliingia Februari 2020 ikatoka Februari 23, 2024. Siku hiyo hiyo Kenya ikaingia. Tanzania iliingia Oktoba 2022 na kutoka Juni 2025.

Nchi ikiwa humo, benki za ng'ambo huongeza maswali. Malipo ya mzigo wa Dubai au Guangzhou yanaweza kukwama yakisubiri ankara na maelezo. Mwenye kampuni ana mhasibu wa kujibu. Mama anayevusha nguo Busia ana daftari tu. Akichoshwa na maswali, hubeba pesa taslimu na kupita njia za panya. Hapo anafanana na yule anayetafutwa, na pesa zake zinaweza kuzuiwa.

Kinga yake ni karatasi. Anayevuka mpaka wa Uganda na pesa taslimu zinazofikia shilingi milioni 30 za nchi hiyo anatakiwa kuzitangaza kwa forodha. Kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000, kuna cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani. Risiti za mauzo zitunzwe pamoja na hivyo.

Deni la serikali linabaki. Mhalifu mmoja alizifanya polisi za nchi kadhaa zishirikiane. Mfanyabiashara mdogo bado anajifunza sheria upya kila anapovuka mpaka.