Orlando na Kiambishi "a-"

Neno la kwanza kabisa la riwaya ya Orlando lilinishinda kulitafsiri. Ni kiwakilishi kifupi cha Kiingereza, kile cha mwanamume, na Virginia Woolf amekisimamisha pale mlangoni kwa makusudi. Mimi nina "yeye" tu, na yeye ni yeyote. Nilikaa nalo jioni nzima, mwishowe nikaandika "kijana wa kiume", nikijua kuna kitu nimekipoteza.

Kitabu kilitoka London tarehe 11 Oktoba 1928. Orlando ni kijana wa ukoo wa makabaila, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Anaandika mashairi. Mto Thames unapoganda kwa baridi anampenda binti mfalme kutoka Urusi, naye anamwacha. Baadaye anatumwa kuwa balozi Constantinople, Istanbul ya leo. Huko analala siku saba mfululizo, na anapoamka ni mwanamke. Hashtuki. Anajitazama kwenye kioo, kisha anakwenda kuoga. Ataishi zaidi ya karne tatu, na kitabu kinapofungwa ana miaka 36.

Nilipofika kwenye usingizi ule, kazi iligeuka nyepesi ghafla. Mwandishi wa Kiingereza inambidi asimame, atangaze kwamba tangu hapo atabadili kiwakilishi, kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka. Mimi niliendelea na safari: aliamka, alisimama, alioga. "A-" ile ile. Orlando wangu hakubadilika hata herufi moja.

Kilichombadilisha kilikuja baadaye. Uturuki alivaa suruali pana, vazi la wake kwa waume. Akiwa melini kurudi Uingereza, sketi zikimzonga miguuni, ndipo alipoanza kuhisi watu wanamwona nani. Baharia mmoja juu ya mlingoti aliona inchi moja au mbili za mguu wake, nusura aanguke. Na London zilimsubiri kesi: kwamba amekufa, hivyo hawezi kumiliki mali, na kwamba ni mwanamke, jambo ambalo, anasema Woolf, halikuwa na tofauti kubwa na kufa.

Hapo Woolf hakuwa akitunga tu. Orlando alimchora kutokana na Vita Sackville-West, mwandishi mwenzake aliyempenda, na picha zake zimo kitabuni. Vita alikuwa mtoto pekee, aliyezaliwa na kulelewa Knole, jumba la ukoo wao huko Kent. Baba yake alifariki Januari 1928, na jumba likaenda kwa baba yake mdogo, kwa kuwa Vita ni mwanamke. Miezi tisa baadaye Woolf alimpa jumba hilo ndani ya riwaya.

Marehemu mama yangu alizungumza Kiswahili maisha yake yote. Hakuna sentensi iliyowahi kumtenga na kaka zake. Shamba la babu, hata hivyo, waligawana wao. Ukurasa wa Orlando kubaki na nyumba yake nimeuandika upya mara nne.