Wanafunzi Wasiolingana: Yale Chuo Kilichokuwa Kikiyajua

Katika madarasa ya mwisho wa wiki ambayo jamaa zetu huyaendesha Maskati, London na kwengineko, huketi pamoja watoto wasiolingana. Mmoja anafahamu Kiswahili cha bibi yake lakini hujibu kwa Kiingereza. Wa pili anasoma Kiarabu kwa ufasaha, na Kiswahili hakijui. Wa tatu anazungumza vizuri lakini hajapata kusoma ukurasa mmoja. Mwalimu akifuata kitabu kimoja kwa mwendo mmoja, huyu atachoka na yule ataachwa nyuma, na mwisho wote wawili hawarudi tena.

Tatizo hili si geni kwetu. Katika vyuo vya Qur'ani vya Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, watoto wa umri mbalimbali walikaa juu ya mkeka mmoja, na kila mmoja alikuwa na somo lake. Huyu yuko kwenye alif, be, te; yule kwenye irabu; wa tatu anapanda juzuu ya Amma kuanzia sura fupi za mwisho; wa nne anakaribia kuhitimu. Mwalimu humwandikia mtoto ubaoni, humwita mbele akasoma, na akishalijua somo ubao huoshwa ukaandikwa jengine. Waliotangulia huwasomesha wadogo. Hakuna aliyengojea wenzake, wala aliyekokotwa kabla hajawa tayari.

Chuo kilikuwa na upungufu wake: wengi walihitimu wakisoma herufi barabara bila ya kufahamu maana. Skuli ya Serikali, iliyoanza Unguja mwaka 1905, ilileta masomo mengine na utaratibu mwengine, darasa zima kupanda pamoja kila mwaka. Tulifaidika nao, lakini pia tulizoea kumpima mtoto kwa darasa alilomo.

Gharama ya kipimo hicho ilionekana Oman. Kabla ya mwaka 1970 nchi ilikuwa na skuli tatu tu za mpango wa kisasa, zenye wanafunzi wasiofika elfu moja. Skuli zilipoongezeka na jamaa kutoka Afrika ya Mashariki wakarejea, walikuja watoto waliosoma hesabu na Kiingereza, wanaoweza kusoma msahafu, lakini wasioweza kuzungumza Kiarabu. Mtoto kama huyo yuko darasa gani? Jawabu ni kuwa yuko katika madarasa matatu kwa wakati mmoja, na ndivyo anavyopaswa kusomeshwa.

Tunapendekeza somo ambalo tofauti hizo zitalifaa badala ya kulivunja: barua za wazee. Nyumba nyingi zetu zina barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Katika uandishi wa zamani, herufi *be* mara nyingi ilisimama kwa b na kwa p, na nuni au mimu iliyotangulia haikuandikwa. Kasra ilikuwa i na pia e. Kwa hivyo neno moja lililoandikwa laweza kusomwa *bibi* au *pembe*. Mtoto wa Kiarabu atazitamka herufi lakini hatajua ni lipi. Mtoto wa Kiswahili hajui herufi, lakini akisikia sentensi nzima atasema mara moja: hapa ni bibi. Wa tatu ataandika jawabu kwa herufi za Kilatini, na aliye mwanzo kabisa atatafuta majina ya watu na miji.

Barua ni moja, kazi ni nne, na hapana awezaye kuimaliza peke yake. Mwalimu atumie nakala, asitumie barua yenyewe, na aanze na mistari mitatu tu. Wiki ifuatayo wabadilishane kazi, ili kila mmoja ajifunze kile alichokuwa akikitegemea kwa mwenzake.

Wanaoweza kuzisoma barua hizi kwa wepesi wanapungua kila mwaka, na wengi wao ni wa umri wetu. Tukiendelea kungoja mtoto mmoja aliyekamilika kila upande, barua zitabaki na hapatakuwa na msomaji.