Lumbesa ndani ya konsoli

Msomaji wa Kiirua ananiuliza: kwa nini akifungua orodha yake ya miche kwenye konsoli ya Linux, ile skrini nyeusi isiyo na madirisha, neno mũtĩ linasomeka mÅ©tÄ©? Anaishuku kibodi. Amekwisha kubadilisha mpangilio wa vitufe kwa loadkeys mara tatu.

Kibodi aiache. Faili lenyewe ni zima. Kasoro iko kwa anayelipokea upande wa skrini. ASCII na herufi zake 128 naziruka, zinanichosha. Twende kwenye gunia.

Watu wa Kiirua wanaijua lumbesa kuliko mimi: gunia la viazi linajazwa hadi mdomoni, juu linashonewa wavu, viazi vinaongezwa, na mkulima analipwa gunia moja. UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi iliyotumika kwenye faili hilo, ambayo Ken Thompson na Rob Pike waliibuni mwaka 1992 juu ya karatasi ya kutandika meza hotelini huko New Jersey, ni lumbesa ya halali. Herufi i ni gunia la kawaida, baiti moja. Lakini ĩ haienei humo. Inapakiwa kwa baiti mbili, C4 na A9. Utamu uko kwenye lebo. Baiti ya chini inaanza na biti 110, yaani "nina nyongeza moja juu yangu". Ya juu inaanza na 10: "mimi si gunia, msinihesabu".

Hiyo ya juu tuiiteje? Mhariri wangu anataka "baiti endelezi", jina linalonuka semina. "Baiti mkia" nililikataa mwenyewe, kwani mkia hukaa nyuma, haukai juu. Mimi naiita kilemba, naye akipenda afute.

Sasa mlete karani wa Latin-1, ambaye kwake kila baiti ni herufi kamili. Anakata wavu na kuandika magunia mawili: C4 ni Ä, A9 ni ©. Na ũ je? C5 na A9. Kilemba ni kilekile! Ndiyo maana mti wa msomaji wetu una alama mbili za haki miliki, utadhani kuna mtu kausajili. Karani huyohuyo hukuvuruga hata unapofuta: stty isipowashwa iutf8, ukibonyeza mara moja kinaondoka kilemba peke yake, gunia linabaki mdomo wazi.

Dawa ni unicode_start, na lokeli inayoishia UTF-8. Fonti ya konsoli hubeba maumbo 256 au 512 tu, kwa hiyo ukiona kisanduku, tafuta nyingine kwa setfont.

Wapo wanaokwepa yote haya kwa kuandika î na û, ambazo Latin-1 inazo. Lakini faili likihifadhiwa kwa UTF-8, î nayo ni lumbesa: C3 na AE. Karani yule ataisoma Ã®.