Adui wa Michungwa Afuataye Mvua

Katika nyanda za juu za Kenya, michungwa ina adui aliye mdogo kuliko punje ya mchele. Mdudu huyu hutaga mayai katika majani machanga tu. Mvua zinyeshapo na miti ikachipua, huongezeka upesi. Jua kali likija, mayai na watoto wake hukauka.

Watoto wake hufanya vishimo chini ya majani, lakini hasara kubwa ni ugonjwa aupelekao mti hadi mti: majani huwa manjano, matunda hubaki madogo na machungu. Ugonjwa huo hauna dawa. Mwaka 2016 mdudu wa jamaa yake kutoka Asia, astahimiliye joto, alionekana pia Kenya.

Basi mkulima mwenye busara hukagua machipukizi mvua zianzapo, hung'oa mti mgonjwa, wala hanunui miche isiyojulikana itokako.