Pete ya Kale Itazamwe Ndani

Askari akusanyaye pete za kale asidanganywe na mng'ao, hasa akiwa Kasese. Reli ilifika mji huo mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na shaba iliyosuguliwa vyema hupata wa kuiita dhahabu.

Tuitazame pete kwa ndani, kwa kioo cha kukuzia. Pete ya Kiingereza iliyopigwa chapa ya karati 15, pamoja na .625, ni ya kati ya 1854 na 1932, maana daraja hilo lilianzishwa na kufutwa katika miaka hiyo. Chapa ya 375 ni karati 9: zaidi ya nusu yake si dhahabu. Kwa anayeanza twapendelea fedha yenye simba atembeaye, sehemu 925 katika 1000; bei yake haiumizi.

Kisha aulize ilikotoka. Waasia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, wengi walinyang'anywa vito vizuizini, na walionyang'anya walivaa sare. Basi pete ya ndoa yenye majina ya watu ndani, ikiuzwa kwa haraka mpakani Mpondwe, karibu na Bwera, haifai kununuliwa kabla muuzaji hajahojiwa.