Hasara Iliyoanza Kabla ya Intaneti
Nyimbo zikinakiliwa kwenye fleshi mjini Voi, lawama huangukia intaneti. Lakini Fadhili William, Mtaita aliyerekodi «Malaika» na kufariki 2001, aliuona wimbo huo ukizunguka dunia kwa sauti za Miriam Makeba na Boney M huku utunzi wake ukigombaniwa, kabla simu za mkononi hazijaenea Taita Taveta. Kilichokosekana ni ushahidi wa umiliki, na mtandao unaweza kuuhifadhi vizuri. Wapo wasemao nakala ya bure humtangaza msanii. Ni kweli, ila sifa hazilipi studio. Marekebisho ya 2022 ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya yanamtengea msanii angalau asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Mtunzi wa nyimbo za Kidawida, lugha ya Wataita, asiyesajili kazi yake ataidai fedha hiyo kwa taabu kubwa.